Daktari Aliyeandika Kwamba Robi Hana Mume

Alikozaliwa sikujui, na kabila lake sikumuuliza. Huku kwetu ukianza na maswali hayo unaishia kwenye ugomvi wa mipaka. Nilianza kuijua miguu yake, maana ndiyo niliyoiona kwanza: viatu vya mjini, vyembamba, vimejaa tope la kijiji chetu, Nyansurura, hadi kwenye vifundo, na mwenyewe amesimama mlangoni kwangu kana kwamba tope lile nimelimwaga mimi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Bibi yako nani? Kwa nini hukuvaa mabuti ya mvua?"

"Yananibana."

"Na tope halikubani?"

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Nikamsogezea kigoda akakaa, na kigoda kile alikikalia kwa miaka. Leo nikikitazama nasikia hasira, na sitaki kuificha. Naandika nikiwa nayo.

Nitamwita Daktari, kama kijiji kizima kilivyomwita. Wala hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa kuuliza. Kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini wanawake wa Tarime na Serengeti wanakufa wakizaa, na kwa nini wengine wanabaki hai lakini wameharibika tumbo, mkojo unawatoka wenyewe, waume wanawakimbia. Akishasikia anaandika, na maandishi yake yanachapishwa nchi za mbali, wanayasoma madaktari wenzake. Sisi tulikuwa tunazaa, yeye anaandika. Nilidhani ni kazi ya haki.

Nimsifu kwanza pale anapostahili, ili asije mtu akasema nina kinyongo tu.

Hakuuliza kama watu wa serikali wanavyouliza, wa kusimama juu yako na kalamu. Akikukuta unapukuchua mahindi, anakaa na yeye anapukuchua. Vidole vyake vilikuwa laini, vilitoka malengelenge, lakini hakuacha. Swali lake la kwanza lilikuwa la mvua, la pili la tembo walioingia shambani, halafu unajikuta umeshamweleza jinsi ulivyomzika mtoto wako wa tatu, jambo ambalo hata dada yako hujamweleza. Ukilia, hakukupa pole. Alikuwa akisema, "Pole yangu haina kazi. Niambie damu ilianza saa ngapi, nani alijua, na nani alikwenda kutafuta gari." Wengine walimwona hana moyo. Mimi nilimwona ana moyo ambao umechoka kulia na sasa unataka majibu.

Kwa wanaume alikuwa pilipili. Siku moja wazee walikusanywa kusikiliza habari ya kuacha kukeketa mabinti. Mzee mmoja, mwenye maneno mengi kuliko ng'ombe, akasimama akamuuliza mbele ya watu: "Wewe mwenyewe umekatwa au hukukatwa? Tujue tunaongea na mtu mzima au mtoto."

Wanaume wakacheka. Sisi wanawake tukaangalia chini.

Daktari akawangoja wamalize kucheka. Akasema, "Mzee wangu, nitakujibu. Ila nianze mimi. Yule mke wako wa pili, aliyefia kwenye mkeka, alikuwa amekatwa?"

Mzee alikuwa amemzika mke huyo na kitoto ndani ya tumbo, na kila mtu pale alikula msibani. Akakaa chini, na mpaka kikao kinaisha hakusema tena. Mimi nilikatwa nikiwa binti, binti zangu pia, na ubishi wa mambo hayo sitauweka hapa. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo.

Na alikuwa na neno lake: "Damu haisubiri kikao." Neno hilo lilizaliwa kwenye boma la jirani zangu. Mwali wao, mke wa mtoto wao, alikuwa amezaa asubuhi, kondo likagoma, damu inakwenda. Wanaume wamekaa nje wanajadili nani atoe gari, na gari la nani, na kama mwali kweli anaumwa au anadeka. Daktari alipita akiwa na shughuli zake nyingine, akachungulia ndani, akatoka. Hakusalimia. Akamfuata kijana wa mwenye boma, akatia mkono mfukoni mwake, akatoa ufunguo wa pikipiki, akamrushia mwanaume mwingine. "Washa," akasema. "Kikao kiendelee. Damu haisubiri kikao." Yule mwali yu hai, ana watoto, nyumba yake naiona nikisimama hapa.

Kwa hiyo nilimpenda. Mtu usiyempenda hawezi kukutia hasira ya namna hii.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja. Alikuwa akiwakataza wajawazito tumbaku kwa ukali, na akishawafukuza kwa maneno anakuja kwangu ananong'ona, "Mama, kikopo kiko wapi?" Anavuta ugoro wangu, anapiga chafya, machozi yanamtoka, anavuta tena. Alinawa mikono kila mara, mpaka watoto wakawa wanamwiga, halafu ikiletwa kichuri, nyama ile tunayoipika na majimaji machungu ya tumboni mwa ng'ombe, ambayo wageni wa mjini hukimbia harufu yake, yeye anaomba mchuzi uongezwe. Alijua kila kitu cha tumbo la mwanamke, na hakuwahi kuzaa. Aliingia kwenye vikao vya wazee bila hofu, lakini ng'ombe wakirudi jioni anajificha nyuma yangu, ananishika kanga.

"Hawa wanakula majani, Daktari."

"Wananiangalia."

"Wanakuangalia kwa kuwa umewaangalia."

Robi alikuwa akicheka mpaka anaegemea ukuta.

Sasa nifike kwa Robi, maana ndiye mwenye jambo hili.

Mimi Mungu alinipa mabinti peke yao. Wote wakaolewa, wakaenda na nyota zao. Mume wangu akafa. Nyumba ikabaki na mimi, ng'ombe na jina la marehemu lisilo na wa kulibeba. Kwetu Wakurya mama wa namna hiyo hakai akalia. Anaoa. Anatoa ng'ombe kwa wazazi wa binti, binti anakuja kuwa mke wa nyumba ile, na watoto atakaozaa, hata baba wa damu awe nani, ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la marehemu. Ndiyo nyumba ntobhu. Haikuanza na mimi. Nilikwenda Turwa, Tarime, kwa watu ninaowajua, nikatoa ng'ombe wazuri, nikamleta Robi. Ni mke wangu. Anaponiita ananiita Mama, lakini ukimuuliza mtu yeyote kijijini kwetu mume wa Robi ni nani, atanionyesha mimi kwa kidole.

Daktari alilijua hilo vizuri sana. Likamfurahisha. Akawa hanisalimii tena kwa jina la Bibi. Akifika anapiga kelele kutoka njiani, "Mume wa Robi yupo?" nami naitika, "Yupo, anakata kuni!" Tulicheka hivyo miaka. Mlikumbuke hilo, kwamba alijua.

Robi akapata mimba ya kwanza. Nikampeleka zahanati. Zahanati ile sitaitaja. Walikuwa na utaratibu wao: mjamzito anayekuja mara ya kwanza aje na mwenza wake, wapimwe wote virusi vya Ukimwi. Nesi akatutazama.

"Mwenza wake yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe si mama mkwe?"

"Mimi ndiye niliyetoa ng'ombe. Mwenye ng'ombe ndiye mume."

"Bibi, hapa sipimi ng'ombe. Mlete mwanaume."

Benchi zima likacheka. Robi akajifunika uso na kanga. Nikamwambia yule nesi maneno ambayo sitayaandika, tukarudi nyumbani bila kupimwa.

Wiki ile nikamchukua Chacha, mtoto wa shemeji yangu, kijana wa bodaboda. Nikamwambia, nenda ukasimame. Kwetu mtu wa ukoo anasimama kwa ajili ya ukoo, msibani anasimama, barazani anasimama, na wala haitwi mwongo. Chacha hakuwahi kumgusa Robi hata mkono. Akasimama. Wakamtoa damu, wakamwandika kwenye kadi: mume, Chacha. Nesi akafurahi. "Mnaona? Ni jambo dogo tu," akasema.

Jambo dogo.

Uchungu ulipomshika, asubuhi, mtoto alikuwa amekaa vibaya. Zahanati wakashindwa, wakatuandikia rufaa. Tukafika hospitali, nayo sitaitaja. Daktari wa zamu akasema ni upasuaji. Wakasoma kadi. "Chacha yuko wapi aweke sahihi?" Nikasema Chacha ni dereva tu, mwenye mke ni mimi, nipe kalamu. Wakanijibu, "Mama mkwe subiri, tunamtaka mume." Chacha alikuwa Sirari amepeleka abiria, simu yake imezima. Wakapiga. Wakapiga tena. Mwingine akaniambia nitulie, ninasumbua wagonjwa. Jua likapanda, likaanza kushuka upande wa pili. Mwisho akapita daktari mkubwa, akauliza mwanamke huyu anangoja nini, akawafokea, wakamwingiza.

Robi alitoka mzima. Mtoto alitoka amekufa. Alikuwa wa kiume.

Sitaongeza neno hapo.

Mwezi uliofuata Daktari akaja. Hakupiga kelele njiani. Akakaa kwenye kigoda, akatoa kalamu, akamwambia Robi aeleze toka mwanzo. Robi akaeleza, anatazama ukuta. Daktari akaandika. Alipomaliza nikamwambia, "Sasa andika na jina la zahanati, na jina la hospitali, na yule nesi."

"Majina siandiki. Ndiyo kanuni ya kazi."

"Basi unaandika nini?"

"Naandika ilivyotokea. Na wewe, Mama, ulimpeleka mtu wa uongo."

Nilihisi kama amenipiga kofi. "Uongo nani aliutaka? Nilikwenda na ukweli wakanicheka!"

"Kipimo kile kilimhitaji mwanaume anayelala naye. Hakikumhitaji mwenye ng'ombe. Hakikumhitaji dereva."

"Na upasuaji? Na huo ulimhitaji anayelala naye?"

Hapo akainuka. "Upasuaji haukumhitaji mtu yeyote! Hausomi cheti cha ndoa! Mwanamke alikuwa na akili zake, ana mdomo wake, kaskazini anaijua na kusini anaijua. Alipaswa kuulizwa yeye. Wao wanamtafuta Chacha, wewe unagombania kalamu. Nani alimuuliza Robi?"

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka. Alisahau mwavuli, nikamtupia nje. Sikumwomba radhi siku ile, na sasa sina radhi ya kumwomba. Mtu haji kwenye msiba wa mwenzake kusahihisha madaftari.

Robi alitoka nje. Aliokota mwavuli, akaukung'uta, akauegemeza kwenye mti wa uzio. Kesho yake haukuwepo, sijui ni mwenyewe alirudi kuuchukua au ni wezi.

Miaka ikaenda bila Daktari. Nikasikia amestaafu. Halafu siku moja mwalimu wa kike wa sekondari ya kata, aliyepanga jirani, akaja na simu yake amefurahi. "Mama, yule daktari wenu kazi yake nimeiona imechapishwa. Imeandikwa Kiingereza. Niwasomee?"

Tukakaa mimi na Robi. Mwalimu akawa anasoma, anatafsiri. Mwanzo palikuwa pazuri. Ameandika habari za barabara, ameandika magari, ameandika vikao vya wanaume. Nikaitikia kwa kichwa, huyu ni yeye. Kisha mwalimu akafika mahali akasita.

"Soma," nikamwambia.

"Hapa kuna kisa cha mama mmoja. Anasema... mwanamke kijana, asiye na mume, alifikishwa hospitali akiwa na jamaa yake wa kike, mtu mzima."

"Rudia."

"Asiye na mume. Na huku chini kwenye mahesabu, wanawake wote wa nyumba kama yenu wamewekwa fungu hilo. Wasio na waume."

Robi akaangalia mikono yake. Jamaa wa kike! Mtu aliyekula kwangu, akavuta ugoro wangu, akaniita mume wa Robi kutoka njiani mpaka majirani wanasikia, amekwenda huko akaandika kwamba nyumba yangu haina mwenyewe na mke wangu ni mwanamke wa barabarani. Nesi alinicheka kwa sababu hakujua. Huyu alijua.

Mtaniambia ni maneno tu ya kwenye karatasi, Wazungu wakayasome wafurahi. Sikilizeni. Robi alipopata mimba tena, mwaka huu, na ana mshono, na mwenyewe anajua hawezi kuzalia nyumbani, tulikwenda kituo cha afya. Hapo hawakutaka tena mwanaume. Walitaka barua. "Asiye na mume alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji," nesi akasema. "Utafiti umeonyesha hao ndio wanaopata matatizo, lazima tuwe na uhakika nani anawajibika." Utafiti! Nikajua maneno yale yalikotoka. Yametoka kwenye kigoda changu, yakazunguka dunia, yakarudi kunifungia mlango.

Na mwenyekiti wa kitongoji chetu ni mtu ambaye ng'ombe wangu waliwahi kuingia kwenye mtama wake. Barua hakunipa. "Niombe radhi mbele ya watu," akasema, "au mlete mwanaume nimwandike, mambo yaishe." Tumbo la Robi linakua, mshono unamvuta, na mtu mzima ananiwekea masharti ya mtama.

Nikasema tutakwenda Mugumu, huko hatujulikani, tujaribu kituo kingine. Tukaenda asubuhi.

Nilimwona stendi, upande wa magari ya Musoma. Nisingemtambua kwa uso, maana alikuwa amekonda, nywele nyeupe zote, ana fimbo. Nilimtambua kwa viatu. Vyembamba vilevile, vumbi hadi juu.

Naye akaniona. "Shikamoo, Mama."

Sikuitikia. Nikamwambia, "Jamaa wa kike amefika. Mtu mzima."

Akafumba macho kidogo. Hakujifanya haelewi, na hilo nampa. "Umesomewa," akasema.

"Nimesomewa. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

"Karatasi ilikuwa na visanduku vitatu, Mama. Ameolewa. Hajaolewa. Mjane. Robi nilimwekea cha nne kwa mkono wangu, nikaeleza nyumba ntobhu ni nini. Wachapishaji wakanirudishia. Wakasema wasomaji wa kule hawataelewa, nichague kimoja."

"Wasomaji wa kule ndio wanaozaa Nyansurura?"

"Hapana."

"Ukachagua."

"Nikachagua. Kazi ilikuwa imekaa muda mrefu, nilitaka itoke." Akaegemea fimbo. "Nilijiambia maneno mengine yote ni ya kweli, hilo moja litapita."

"Halikupita. Liko tumboni mwa Robi." Nikamweleza habari ya barua na mwenyekiti na mtama. Nilieleza kwa sauti, watu wa stendi wakageuka. Wapiga debe wakanyamaza, wakidhani tumeibiana. Mmoja akasema, "Mabibi, msipigane, mna mifupa migumu." Nikamwambia akamtanie mama yake.

Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Gari la Musoma likapiga honi, konda akamwita. Akampungia mkono liende. "Twende," akasema. "Nitaongea nao."

Kituo tulichokwenda sitakitaja, kama vile vingine. Nesi wa pale alikuwa binti mdogo, safi, amechoka. Akauliza swali ninalolijua. "Mwenza, au barua?"

Daktari akasogea mbele. "Binti yangu, mimi ni daktari. Nimefanya utafiti wa uzazi mkoa huu kabla hujaanza shule. Barua hiyo haina..."

"Una kitambulisho, Mama?"

Akapekua mkoba. Kilichokuwemo kilikuwa cha zamani, hata picha imefifia. Nesi akakitazama, akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, na adabu ile iliuma kuliko tusi. "Samahani, Bibi. Mabibi wote wawili naomba mkae benchi lile."

Daktari akakitia kitambulisho mkobani. Kwa mara ya kwanza alikuwa jamaa wa kike, mtu mzima. Ningecheka kama nisingekuwa na hasira. Nikavuta pumzi nianze mimi, maana nilikuwa na maneno ya kutosha kuanzia nesi mpaka waziri.

Robi akanishika mkono, akanisogeza pembeni kama unavyosogeza mbuzi.

"Dada," akamwambia nesi, "mwenye tumbo ni mimi. Nina mshono. Mtoto wangu wa kwanza alikufa wakitafuta mtu wa kuweka sahihi. Leo sikuja na mwanaume wala barua. Nimekuja na tumbo. Nipime."

Hakupaza sauti. Watu wa benchi wakaacha mazungumzo yao. Nesi akamtazama, akatazama kadi ya kliniki ya zamani aliyoishika Robi, akatazama mlango wa mkubwa wake.

"Mshono wa lini?"

Robi akamwambia.

"Ingia. Lakini nitaandika umekuja bila mtu."

"Andika."

Mlango ukafungwa. Tukakaa benchi lile, vikongwe wawili. Nikatoa kikopo cha ugoro, nikavuta, nikakirudisha mfukoni. Akangoja. Baadaye nikakitoa tena nikampa, nimegeuza uso.

"Nitaandika upya," akasema baada ya chafya. "Sina ofisi, lakini mkono ninao. Nitaandika kwamba nyumba ile ina mwenyewe, na kwamba nilikosea. Nitapeleka palepale."

"Watakurudishia."

"Nitapeleka tena."

Kusema kweli nilitaka aandike. Nilitaka jina la nyumba yangu lirudi mahali lilipotupwa.

Robi akatoka, kanga ameifunga vizuri, ana kadi mpya mkononi. Mtoto anacheza, akasema. Wamemwandikia hospitali, aende kabla ya uchungu, asisubiri nyumbani, na atapasuliwa. Wamemuuliza kama anakubali, akakubali, ameweka sahihi yeye.

Daktari alikuwa ameshatoa kalamu. Macho yamewaka kama zamani. "Robi, mwanangu, kaa hapa. Nieleze walivyokuuliza mle ndani, neno kwa neno. Mara hii nitaandika sawasawa. Nitaandika una mume, na mume wako ni huyu mama."

Robi alibaki amesimama.

"Hapana, Daktari."

"Hutaki niandike una mume?"

"Usiandike ninaye. Usiandike sina. Sitaki kuandikwa."

Nikaruka. "Robi! Mwache aandike! Ni heshima ya nyumba, ni jina la..."

"Na wewe, Mama, nyamaza."

Tangu nimezaliwa, hakuna mtu wa nyumba yangu aliyewahi kuniambia neno hilo, tena mbele ya watu. Damu ilinipanda mpaka machoni. Nilifungua mdomo. Nikamwona alivyosimama, mkono mmoja chini ya tumbo, ananitazama bila kupepesa, anangoja aone nitafanya nini. Nikafunga mdomo.

Daktari akafunika kalamu, akaitia mkobani.

"Nina njaa," Robi akasema. "Mtoto anataka kula."

Akavuka barabara kwenda sokoni, hakugeuka kuona kama tunakuja. Tulikuja.